Viporo vya Kondo

Ka. Ka-ka. Kimya. Ka.

Yusrah alifumbua macho gizani akasikiliza. Panya, alijiambia, panya amerudi kwenye kiroba cha mchele. Alinyoosha mkono upande wa ukutani amwamshe mumewe, akakuta shuka tupu, limeshapoa. Zamda, binti yao wa miaka minne, alikuwa amelala katikati, kajitanua kama mwenye nyumba. Yusrah akainuka polepole, akajifunga kanga, akaenda kuchungulia sebuleni.

TV ilikuwa inawaka bila sauti. Kondo alikaa chini kwenye mkeka, mgongo kauegemeza kwenye kochi, mikononi kashika padi, kile kishikio cha gemu chenye vitufe na vijiti viwili vya kusukuma kwa dole gumba. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa kwenye padi kwa kipande cha kanga kuukuu. Kwenye kioo, kijitu chenye kofia kilikuwa kinakimbia, kinafika ukingoni mwa shimo, kinatumbukia. Kinaanza upya. Kinakimbia, kinatumbukia.

Yusrah alisimama mlangoni. Aliangalia dole gumba la kushoto la mumewe. Lilikuwa linatetemeka, linataka kusukuma kijiti, linashindwa. Kisha likasukuma. Kidogo sana, upana wa punje ya mchele. Kijitu kikaruka shimo, kikaenda kutumbukia la pili.

"Nimekuamsha?" Kondo aliuliza bila kugeuka.

"Nilidhani panya."

"Ni mimi. Namaliza viporo."

Kondo alikuwa dereva. Kwa miaka kadhaa aliendesha magari ya watalii katika kambi moja kule Mikumi, yale marefu yasiyo na paa, na Yusrah hakuwahi kumwona mtu anayelipenda gari kama mumewe. Alilisemesha asubuhi kama mtu anavyomsemesha ng'ombe wa maziwa. Mwezi wa sita, akirudi nyumbani kwa mapumziko juu ya pikipiki ya kuazima, aliteleza kwenye kokoto pale Ulaya, kijiji cha njiani kati ya Mikumi na Kilosa. Habari ilitembea ikiwa fupi: Kondo kaumia Ulaya. Ana shangazi yake kule Rudewa ambaye hadi leo anaamini kijana alipanda ndege.

Mfupa uliunga. Kilichogoma ni mshipa wa fahamu kwenye kiwiko. Vidole vya kushoto vililegea kama mchicha wa jana, na daktari hakuahidi kitu. Watu waliokuja kumjulia hali walimpa pole nusu. Wakishaambiwa ni mkono wa kushoto, walishusha pumzi: alhamdulillahi, si mkono wa kulia, maana mkono wa kulia ndio wa kulia. Mama yake mzazi, aliyetoka Mvumi akilia njia nzima, naye alifuta machozi aliposikia ni wa kushoto. Kondo aliwaitikia wote kwa adabu. Hakumwambia yeyote kwamba katika nchi hii usukani uko kulia na gia iko kushoto. Dereva anakula kwa mkono wa kulia, lakini chakula chenyewe anakitafuta kwa mkono wa kushoto.

Yusrah alijua. Alikuwepo siku Mama Hildegarda, msimamizi wa magari kule kambini, alipopiga simu. Alisema nafasi ya Kondo ataishikilia mpaka msimu mwingine, mwezi wa sita mwakani, masika yakiisha. Hapo Kondo aje amwendeshee, aone. Akiweza, gari lake lipo. Akishindwa, atapewa mwingine, na asimchukie. Kondo alikata simu akasema anamshukuru mama yule kwa kutompaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Hospitali walimpa kimpira cha kubinya. Alikibinya kwa utii mwezi mzima, huku kimya kinamwingia siku hadi siku, mpaka Yusrah akawa anaogopa kutoka nyumbani kwenda kwenye masomo yake ya jioni. Halafu siku moja Kondo alipanda kwenye stuli, akaliteremsha boksi lililokaa juu ya kabati tangu waoane.

Ndani kulikuwa na mashine ya gemu ya zamani na CD thelathini na kitu. Alizikusanya tangu ujana. Nyingine aliziokota kwenye meza za wachuuzi wa Morogoro, nyingi aliachiwa na Optatus, rafiki yake wa Mikumi aliyekuwa na kibanda cha gemu mpaka vijana walipohamia kwenye simu. Wateja wa Optatus walitaka mpira tu. CD ya mpira ilikwanguka kama imesuguliwa na mchanga, zile nyingine zikabaki na ung'aavu wake, hazijawahi kuona mashine. Kila mwaka Kondo alisema atazicheza akipata nafasi. Lakini dereva wa watalii anaamka saa kumi alfajiri. Nafasi ataipata wapi?

"Hizi ni viporo," alimweleza mkewe, akizipanga juu ya mkeka. "Si unasikia kwenye redio, timu fulani ina mechi za kiporo? Maana yake haijashindwa. Kuna michezo haijacheza, basi."

Akajiwekea masharti. Ataimaliza moja mpaka mwisho ndipo aguse ya pili. Hakuna kurukia tamu na kuacha chungu. Kiporo, alisema, hakidonolewi.

Yusrah hakuona haraka uzito wa masharti hayo. Aliuona baadaye. Mashine ilikuwa na kadi ya kutunza mahali ulipofika, lakini kadi hiyo ilishakufa zamani, na umeme wa Kilosa mnaujua. Mtu anaweza kukaa tangu asubuhi, akavuka misitu na mapango, akalikaribia jumba la mfalme, halafu tap! Giza. Umeme ukirudi, kijitu kiko pale pale mwanzoni na kofia yake, kama hakijawahi kutoka kwao. Mara ya kwanza ilipotokea, Yusrah alikuwa anakaanga vitumbua vyake vya biashara. Alisonya yeye kwa niaba ya mumewe. Kondo alicheka kidogo tu, akafungua kitambaa, akaukanda mkono, akaufunga tena. "Njia naijua sasa," alisema. "Dereva hapotezi njia kwa kuirudia."

Na kweli, kila aliporudia, alifika mbali zaidi. Yusrah aliosha vyombo akimtazama kwa jicho la pembeni. Alimfahamu mume wake kuwa mcheshi, mwepesi wa hasira barabarani, mvivu wa kuchota maji. Huyu mtu mwenye subira kama ya mpanda minazi hakuwa anamjua. Akajikuta anampenda upya, na mapenzi hayo mapya yalikuja na hofu, kwa sababu mtu anayehangaika hivi akishindwa, utamwambia nini?

Lazaro hakuwa na hofu hiyo. Lazaro alikuwa jirani yao hapo Magomeni ya Kilosa, fundi baiskeli ambaye ulimi wake ndio chombo pekee alichokiacha bila breki. Alikuja kuomba maji ya kunywa, akamkuta Kondo kwenye mkeka mchana kweupe.

"Kaka, ndevu zote hizo na gemu? Watoto wa shule watakuja kudai zamu yao."

Kondo alimjibu kwamba zamu yao itafika mwezi wa sita mwakani. Lazaro akacheka, akaondoka na habari. Wiki hiyo hiyo alikwenda Mvumi kununua mpunga, akapita kumwamkia mama yake Kondo, na bibi alipouliza mwanawe anaendeleaje, Lazaro akajibu kwa utani wake: hajambo mama, siku hizi kazi yake ni kumaliza viporo tu.

Mama hakuuliza zaidi. Kesho yake aliteremka Magomeni na jogoo kwapani, unga, kunde, na uso uliokunjamana. Yusrah alipiga goti akamwamkia. Marahaba ilitoka, lakini macho ya mama yalishapita kwenda jikoni. Alifunua sufuria ya kwanza, akanusa. Akafunua ya pili. Kisha akauliza, kwa upole wa kutisha, kama Kilosa siku hizi mchele umeadimika. Yusrah akajibu upo. Na mkaa? Upo pia. Na wewe mwanangu, unaumwa? Hapana mama, siumwi.

"Basi kwa nini mwanangu analishwa viporo?"

Yusrah alifungua mdomo, kicheko kikamkaba koo, na kwa kuwa huwezi kumcheka mama mkwe, alikimbia sebuleni kumwita mwenyewe. Kondo alipoelewa, alianguka chali kwenye mkeka akacheka mpaka machozi. Ndiyo mara ya kwanza tangu ajali nyumba ile isikie kicheko chake kizima. Mama hakucheka. Alitaka kuoneshwa hivyo viporo vyenyewe.

Aliketi kwenye kochi, mkoba mapajani, kama mtu aliyekuja kusikiliza kesi. Kondo akawasha TV; mashine yenyewe alikuwa hajaizima. Ilikuwa gemu ya mashujaa, na kijana wake alikuwa amefika kwenye daraja ambalo mzee mmoja mwenye fimbo amelizuia.

"Huyo mzee umemwamkia?" mama aliuliza.

Kondo alieleza kwamba mashine haina kitufe cha shikamoo. Hapa hupiti mpaka umpige.

"Basi pita kwingine."

Kwa heshima ya mama yake Kondo akaanza kuzunguka, akitafuta njia ambayo hakuwa na hakika kama ipo. Alishuka bondeni, akafuata maji, akarudi, akashuka tena. Na kumbe ilikuwapo, kichochoro chini ya daraja kwenye mawe. Mama aliitikia kwa kichwa kama aliyejua tangu mwanzo. Lakini kijana alipotokea ng'ambo, Yusrah aliona kwamba mama haangalii tena TV. Anaangalia padi.

"Kimeanza lini hicho?"

"Nini mama?"

"Kidole. Kinacheza."

Hapo ndipo Kondo alipomwambia. Alimweleza habari ya gia, kwamba iko kushoto, na kwamba bila vidole vile hakuna Mikumi wala gari. Mama aliweka mkoba chini. Akautoa mkono wa mwanawe kwenye kitambaa, akaushika kwa mikono yake miwili, akaugeuza-geuza kama anayechagua muhogo sokoni.

"Muda wote huu nilikuwa namshukuru Mungu kwa mkono usio wenyewe," alisema. "Naye ananisikiliza tu."

Akaufunga tena, fundo lake likiwa zuri kuliko la Yusrah. Jogoo akaamuru achinjwe jioni ile ile, na ugali upikwe wa kutosha usibaki. Alipokuwa akiondoka alipita kwa Lazaro. Walisikia sauti yake tu, hawakusikia maneno, lakini tangu siku hiyo Lazaro alikunywa maji kwao akiwa amesimama nje.

Vuli ilipokuja, kitambaa cha kanga kilifunguliwa kisifungwe tena. Dole gumba lilikuwa linasukuma lenyewe. Kidole cha shahada kilichelewa. Hicho ndicho kinachobonyeza vitufe vya juu ya padi, na kulikuwa na gemu moja ya ndege iliyowaweka wiki nyingi kwa ajili ya kitufe kimoja cha juu kushoto. Wiki hizo wote walikuwa wakali, hata Zamda. Kisha asubuhi moja ndege ikatua. Kondo aliiweka CD kwenye mfuko wa zilizokwisha, akaenda kukaa kwenye kizingiti akiangalia treni ya mizigo ikipita, na Yusrah alimletea chai.

Ikaja ile ya Kijapani. Maandishi yake yalikuwa kama vijiti vya kiberiti vilivyomwagika, na kile Kiingereza ambacho Yusrah alikuwa anakipata kwenye masomo ya jioni na kumsomea mumewe hakikusaidia lolote. Walibahatisha kila mlango. Hadithi hawakuijua, basi Yusrah akaitunga: yule msichana mwenye nywele za buluu ni mtoto wa mganga, anatafuta dawa ya kijiji. Kondo alibisha, akasema si dawa, anatafuta mchumba, angalia anavyotembea. Zamda akaamua ubishi: anatafuta mbuzi wake. Gemu ilipoisha, nyota zikamwagika kioo kizima, na mpaka leo hawajui alichokipata ni nini. Yusrah alilia kidogo hata hivyo. Alimtazama mumewe, aliyemfikisha binti wa watu mwisho wa safari bila kujua lugha yake, akaona kwamba kuna wanaume wengi hodari wa kuanza, lakini huyu wa kwake ni wa kufikisha.

Masika yalinyesha, mto Mkondoa ukajaa, umeme ukawa wa kubembeleza. Mwezi wa tano CD ikabaki moja. Ilikuwa gemu ya magari, na Kondo aliiacha ya mwisho kwa makusudi, kwa sababu ilikuwa na gia za kubadilisha mwenyewe kwa vidole vya kushoto. Mbio za mwisho zilipanda mlima wenye kona nyingi. Kila Yusrah aliporudi masomoni akauliza, Kondo alijibu kwamba leo tena umeme umekatika akiwa karibu na kileleni. Mama Hildegarda akapiga simu: aje Jumatatu. Kondo akasema sawa, na usiku akamwambia mkewe kwamba labda angeomba asogezewe mbele. Kiporo bado hakijaisha. Alijiwekea masharti, na masharti ni masharti.

Ijumaa jioni mwalimu wa Yusrah hakutokea kwa sababu ya mvua, naye akarudi mapema. Taa za jirani zilikuwa zinawaka. Kupitia dirishani alimwona mumewe kwenye mkeka, gari lake jekundu likipanda mlima, vidole vya kushoto vinaruka juu ya padi kama vya mpiga kinanda. Kona ya mwisho hiyo. Bendera zikaonekana kileleni. Na Kondo, bila papara, akanyoosha mguu, akabonyeza swichi ukutani kwa kidole gumba cha mguu. Mashine ikazima, TV ikawa nyeusi.

Yusrah alisimama kwenye mvua akaelewa. Umeme ulikuwa haukatiki. Maadamu kiporo kipo, timu haijashindwa.

Angeweza kuingia kwa kishindo. Badala yake alijikausha barazani, akahakikisha Zamda yuko kwa jirani, akaingia, akaketi mkekani kando yake, bega kwa bega. Kondo alimwangalia, akaangalia dirisha, akajua.

"Siku ngapi?" Yusrah aliuliza.

"Tangu wiki iliyopita."

Hakujitetea. Alisema tu kwamba kwenye gemu ukianguka unaanza tena, na pale Mikumi hakuna kuanza tena. Alisema anaogopa kukiona kiti kile halafu aambiwe ashuke.

Yusrah aliushika ule mkono. Ulikuwa na sugu mpya kwenye dole gumba.

"Baba Zamda, mwaka mzima nimekuona unaanguka," alisema. "Hakuna mtu Kilosa nzima anayejua kuanguka kama wewe. Mimi najivuna nikikutazama. Lakini kiporo kikilala siku ya pili kinachacha. Ule sasa, au tumwage."

Kondo alisikiliza mvua ikipiga bati. Kisha akanyoosha mguu, akabonyeza swichi. Ilimchukua mpaka wakati wa chakula cha usiku kuupanda tena mlima ule, na safari hii Yusrah alikaa upande wa ukutani, mbele ya swichi, akijidai anasuka ukili. Gari jekundu lilipopita bendera hakuna aliyeshangilia. Kondo aliitoa CD, akaifuta kwa shati lake, akaiweka na wenzake.

Jumatatu walipanda basi la asubuhi wote watatu. Pale Ulaya Kondo aliangalia upande wa pili.

Mama Hildegarda alikuwa mwanamke mrefu mwenye miwani shingoni. Aliitikia salamu zao, akampa Zamda biskuti, akampa Kondo ufunguo, akaingia kiti cha kushoto. Yusrah alibaki na mtoto kwenye geti la kambi. Gari lilinguruma, likaondoka, likapotea nyuma ya miti. Alibaki na masikio. Gemu ile ya magari ilimfundisha mlio wa gia, na sasa aliufuata kama mtu anayefuata swala ya imamu asiyemwona. Ya kwanza. Ya pili, vizuri. Mlima ukaanza. Ya tatu ikakwaruza. Mlio mbaya, wa chuma kusagana, na Yusrah alifumba macho. Kimya. Kikarefuka. Halafu injini ikashuka sauti, ikapumua, na ya tatu ikaingia laini, gari likapanda.

Waliporudi, Mama Hildegarda ndiye aliyeshuka kwanza. Alimwambia Kondo mbele ya mkewe kwamba ya tatu ameipigisha kelele, lakini ameirudia bila hasira, na yeye anataka dereva wa kurudia bila hasira. Mwezi mmoja atabeba wafanyakazi kati ya kambi na mjini. Mkono ukizidi kukaa sawa, atapewa watalii. Kondo alisema asante mama.

Walitembea hadi barabara kuu kusubiri basi la kurudi Kilosa. Malori ya Zambia yalikuwa yanapita kwa kishindo, moja nyuma ya jingine, na ng'ambo Zamda aliona nyani ameketi juu ya kibao, akachomoka mbio kumfuata. Mkono wa kulia wa Kondo ulikuwa na begi. Hakuliachia. Alinyoosha ule wa kushoto, akaudaka mkono wa mtoto, akamvuta nyuma mpaka kwenye nyasi. Lori likapita na upepo wake. Likaja la pili, likapita. Kondo alikuwa bado amemshika, anaangalia mkono wake mwenyewe kama ametokewa na mgeni.

"Baba," Zamda akasema, "unanibana vidole."